Taa ya SRS haiwaki, je, mfuko wa hewa wa Vitz yangu ni salama?

SWALI

Mshauri wa magari, salaam.

Naishi Makorora, hapa Tanga mjini. Nina Toyota Vitz ya mwaka 2006, namba ya chasisi inaanza na SCP90. Ilikuja used kutoka Japani, nikainunua kwa muuzaji ikiwa tayari ina namba za Tanzania. Ndiyo inayopeleka watoto shule, na mwisho wa wiki tunakwenda nayo Muheza kwa wazee. Mwanangu mkubwa, miaka 11, hukaa mbele.

Wifi yangu yuko Muscat. Juzi amenitumia ujumbe kwamba gari lao liliitwa kwa wakala libadilishwe mfuko wa hewa wa Takata, wakaelezwa kwamba ule wa zamani ukifyatuka unaweza kurusha vipande vya chuma. Akaniuliza kama langu limeshafanyiwa. Nikampigia muuzaji, akasema hayo ni mambo ya magari ya Marekani, nisijisumbue. Fundi wangu naye kanijibu kwamba taa ya SRS, ile ya kuonya kuhusu mfumo wa mifuko ya hewa, haiwaki, kwa hiyo mfumo uko sawa. Kwamba kama roho haitulii, atatoa mifuko yote miwili na kuweka resista ili taa isiwake, au anitafutie mifuko ya used iliyo kamili. Mume wangu anaona tuliuze tu, liondoke na matatizo yake.

Naomba unieleze: gari langu limo kwenye wito huo au halimo? Nitajuaje bila kwenda Japani? Nani analipa? Na hayo ya fundi nikubali lipi?

Msomaji, Makorora

JIBU

Dada yangu wa Makorora,

Wifi yako amekuambia la kweli, na muuzaji amekupotosha. Takata ilikuwa kampuni ya Kijapani, na makopo yake ya gesi, yale yanayojaza mifuko ya hewa, yalifungwa kwenye magari ya watengenezaji 19. Marekani peke yake makopo yaliyoitwa ni kama milioni 67, na dunia nzima yanakaribia milioni 100. Hakujawahi kuwa na wito mkubwa kama huu katika historia ya magari. Honda ilianza kuita Novemba 2008, wengine wakafuata mmoja mmoja. Mei 2015 Toyota iliita karibu magari milioni 5 kwa mkupuo, na miongoni mwake zilikuwemo Corolla, RAV4, Hilux na Vitz, ambayo nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Yaris. Gari lako ni la kizazi kile kile. Hiyo haina maana kwamba kila SCP90 ina kasoro. Maana yake ni kwamba huna sababu ya kulala usingizi mpaka namba yako ya chasisi itafutwe.

Sasa hiki kitu kinaharibikaje, na kwa nini watu wa Tanga kiwahusu kuliko watu wa Tokyo. Nyuma ya mfuko wa hewa kuna kopo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, kompyuta inapeleka umeme, vidonge vinawaka, na gesi yake inajaza mfuko kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Takata walitumia amonia naitreti, kemikali rahisi kwa bei lakini isiyopatana na unyevu, na katika makopo yenye tatizo hawakuweka kitu cha kunyonya unyevu huo. Miaka inavyopita, hewa yenye maji hupenya taratibu kwenye viungo vya kopo. Mchana gari linachemka juani, usiku linapoa, kesho tena. Vidonge vinavimba na kupungua, vinafanya vitundu vitundu, na siku vikiwashwa moto unapata pa kuingilia kila upande. Gogo zima huungua pole pole, ulichanje vijiti uone linavyowaka mara moja. Gesi inatoka kwa kasi ambayo kopo halikuundwa kuihimili, chuma kinapasuka, na vipande vinapita katikati ya kitambaa cha mfuko kuelekea usoni, shingoni na kifuani.

Wachunguzi waliotoa matokeo yao mwaka 2016 walitaja mambo matatu yanayokutana: kemikali hiyo bila kinyonya unyevu, joto linalopanda na kushuka kwa miaka mingi penye unyevu, na kopo lisilozuia unyevu vya kutosha. Ndiyo sababu Marekani iliyapa kipaumbele magari ya Florida, Hawaii na majimbo ya Ghuba ya Meksiko. Kifo cha kwanza kujulikana nje ya Marekani kilitokea Malaysia, Julai 2014. Ziangalie hizo sehemu zote, ni pwani za joto na unyevu kama yetu. Gari lililozaliwa 2006, likaishi Japani miaka kadhaa, kisha likaja kuegeshwa mwaka mzima kwenye jua la Makorora na upepo wa bahari, limekutana na joto na unyevu huo wa miaka mingi. Ule mfuko wa abiria ndio unaopata taabu zaidi, kwa sababu umekaa juu ya deshibodi chini kabisa ya kioo cha mbele, mahali panapopita nyuzi 60 gari likiachwa juani.

Nije kwenye taa, maana hapa ndipo wengi wanapodanganyika, mafundi pia. Taa ya SRS inaangalia umeme. Ukiwasha swichi inawaka kama sekunde 6, kompyuta inapima waya, soketi, vihisi na ukinzani wa kiwashio, ikiona sakiti imekamilika inazima. Haina namna yoyote ya kujua vidonge ndani ya kopo vimeharibika. Kopo bovu la Takata na kopo zima vyote huizima taa vile vile. Taa kutowaka safarini ni habari njema kuhusu waya, basi. Na ukiwasha swichi ukaona taa haiwaki hata hizo sekunde 6 za mwanzo, shtuka zaidi, kwa kuwa kuna mtu ameshaichezea.

Kutafuta hakuhitaji kwenda Japani, kunahitaji simu na namba sahihi. Usinakili kutoka kwenye kadi ya gari peke yake, kwa sababu kadi iliandikwa na mtu na mtu hukosea tarakimu. Fungua boneti, tafuta kibati kidogo cha chuma cha Toyota kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Kina mstari wa modeli, unaosomeka kama DBA-SCP90 na herufi nyingine mbele yake, na mstari wa namba ya fremu. Namba ya fremu ndiyo unayoitaka: SCP90, kistari, kisha tarakimu 7. Ilinganishe na kadi. Zikitofautiana, hilo ni jambo jingine la kufuatilia TRA, lakini kwa kazi hii fuata ya kwenye gari.

Kisha ingia tovuti ya Toyota ya Japani, toyota.jp, sehemu ya recall. Utakuta visanduku viwili vya kujazia. Cha kushoto unaandika SCP90, cha kulia zile tarakimu 7, bila kistari. Ukurasa uko kwa Kijapani, simu yako itautafsiri vizuri tu. Tafsiri ikiyumba, tafuta herufi mbili: 済 maana yake kazi imekamilika, 未 maana yake bado. Piga picha ya ukurasa mzima, na namba ya wito ionekane, kwa sababu ndiyo utakayoipeleka kwa wakala. Wenye Honda, Nissan, Mazda na Subaru nao wana kurasa za namna hiyo kwenye tovuti za kampuni zao za Japani. Msitumie tovuti ya serikali ya Marekani kwa gari lililotengenezwa kwa soko la Japani. Ile inataka namba ya herufi na tarakimu 17, na magari yetu hayana. Kuna watu wamejaza namba ya Japani pale, ukurasa ukaikataa, wakaondoka wakidhani gari lao halina wito.

Kuna ushahidi mwingine wa kuangalia kwa macho. Gari la Japani likishafanyiwa kazi ya wito, gereji hubandika kibandiko kidogo chenye namba kwenye fremu ya mlango wa dereva, karibu na pale komeo la mlango linaposhikia. Ukikikuta, soma namba yake na uilinganishe na ile ya tovuti. Usipokikuta usihitimishe lolote, maana gari likipigwa rangi upya kibandiko hupotea.

Angalia pia tarehe ya kutoka Japani, iko kwenye cheti cha kusafirisha gari. Kuanzia Mei 2018 serikali ya Japani ilikataa kupitisha ukaguzi wa gari lenye kopo hatari la Takata ambalo halijabadilishwa. Gari lililoondoka kabla ya hapo halikuwahi kukutana na kizuizi hicho. Hata lililoondoka baadaye si salama kwa sababu hiyo tu, kwa kuwa gari lililofutwa usajili ili liuzwe nje halihitaji tena kupita ukaguzi huo.

Mambo mawili yanayoweza kukuchanganya. La kwanza, tovuti inajua kopo lililotoka kiwandani na gari. Kama Vitz yako ilipata ajali Japani, ikaandikwa R au RA kwenye karatasi ya mnada, huenda mfuko uliomo umetoka gari jingine kabisa. Hapo namba ya chasisi haisemi kitu, fundi anayejua lazima asome lebo iliyo nyuma ya mfuko. La pili, magari mengine yalibadilishiwa mapema kwa kopo jipya la Takata la aina ile ile, kwa kuwa mbadala ulikuwa haujapatikana, kisha yakaitwa tena mara ya pili. Kwa hiyo ukiona wito mmoja una 済, teremka ukurasa mpaka chini uangalie kama hakuna mwingine wenye 未.

Tuseme imetoka 未. Soma ni upande gani. Kwenye Toyota nyingi za enzi ya gari lako kopo linalotajwa ni la abiria wa mbele, ingawa nyingine, kama baadhi ya RAV4, ni la dereva. Tangu leo kiti cha mbele kushoto kiwe kitupu. Mtoto wa miaka 11 mahali pake ni nyuma na mkanda umefungwa, na hilo ningekuambia hata kama Takata isingekuwepo. Wewe unayeendesha, rudisha kiti mpaka upate angalau sentimita 25 kati ya kifua na katikati ya usukani, na ushushe usukani uelekee kifuani badala ya usoni. Hilo linakusaidia dhidi ya nguvu ya kawaida ya mfuko. Halizuii chuma. Kuegesha kivulini na kuweka kizuia jua kwenye kioo kunapunguza kuchemka, lakini vidonge vilivyokwisha kuharibika havirudi kuwa vizima.

Kwa wasomaji wengine wenye magari ya zamani zaidi, hapa siwezi kusema kwa upole. Vipimo vilionyesha kwamba makopo ya baadhi ya Honda na Acura za 2001 hadi 2003 yanaweza kupasuka hata nusu ya mara yanapofyatuka kwenye ajali. Januari 2024 Toyota ya Marekani iliwaambia wenye Corolla za 2003 na 2004 na RAV4 za 2004 na 2005 zilizomo kwenye wito, na ambazo hazijarekebishwa, waache kuziendesha kabisa. Mwenye gari la rika hilo, na tovuti ya Japani ikamwonyesha 未, aliegeshe mpaka litengenezwe.

Nani analipa? Kazi ya wito ni gharama ya mtengenezaji, kopo na ufundi. Mwandikie wakala rasmi wa Toyota aliyeko Dar es Salaam, kwa barua pepe na si kwa simu tu, ubaki na maandishi. Weka picha ya kibati, picha ya kadi na picha ya ule ukurasa. Uliza maswali yaliyonyooka: je, mnapokea gari la soko la Japani kwa wito huu, kopo la SCP90 lipo au mtaagiza, litafika lini, na mtanipa hati yenye namba ya kopo jipya? Akikwambia magari ya used hayamhusu, mwombe aandike hivyo, kisha upeleke maandishi hayo Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 imeipa mamlaka juu ya bidhaa hatari na kurejeshwa kwake. New Zealand, ambako barabara zimejaa used za Japani kama zetu, serikali iliyaingiza magari hayo kwenye wito wa lazima wa 2018. Kwa hiyo usione haya kudai, hudai kitu cha ajabu. Usifunge safari ya Dar kabla hujajibiwa kwamba kopo limeshafika, kwani ni karibu kilomita 350 na ukifika bila spea utarudi ulivyokwenda.

Sasa ya fundi wako. Resista ni kuidanganya kompyuta: anachomeka kitu chenye ukinzani wa ohm 2 au 3 kwenye soketi ya mfuko, sakiti inaonekana nzima, taa inazima. Baada ya hapo wewe, mtoto wako na yeyote atakayelinunua gari mtakuwa mnaamini kuna mifuko ambayo haipo. Mfuko mzima wa hewa pamoja na mkanda unaokoa maisha, hivyo kuitoa yote miwili wakati wito unahusu mmoja ni kujivua kinga bila sababu. Kataa. Mifuko ya used nayo ikatae. Itatoka kwenye Vitz ya umri ule ule, kopo lile lile, joto lile lile, na pengine imeshakaa miaka kwenye kontena na duka la spea. Utakuwa umelipia tatizo ulilokuwa nalo bure.

Kuna hali moja ambapo kuzima mfuko kunakubalika. Mwaka 2014 spea zilipoadimika, Toyota yenyewe iliruhusu mawakala wake kuzima mfuko wa abiria kwa muda, kwa sharti kwamba mtu asikae kiti kile mpaka kopo jipya lifike. Ukitaka hivyo wakati unasubiri, mwombe wakala afanye yeye, aandike, abandike onyo kwenye deshibodi, na taa ya SRS iachwe ikiwaka ili kila mtu aone.

Na yeyote atakayegusa mfumo huo, simama umwangalie. Anazima swichi, anatoa waya hasi wa betri, kisha anangoja sekunde 90 au zaidi kabla ya kugusa soketi za njano, kwa sababu kompyuta ya mifuko huhifadhi umeme wake wa akiba. Kwenye Honda ngoja dakika 3. Hapimi kiwashio cha mfuko kwa mita wala kwa taa ya majaribio, mkondo mdogo tu unatosha kuufyatua. Mfuko uliotolewa anaushika uso wake ukiwa mbali na mwili, anaulaza uso ukiangalia juu, haweki kitu juu yake. Ukimwona anaanza na bisibisi kabla ya betri, mwambie asitishe. Kopo lililotolewa libaki kwa wakala. Lisiingie kwenye gunia la chuma chakavu hata kidogo, maana lina vidonge vyake vyote ndani, na kijana wa skrapa akilipiga nyundo au likitumbukizwa kwenye tanuri litalipuka.

Kuhusu kuuza, namwelewa shemeji. Lakini kuliuza bila kusema ni kumhamishia mtoto wa mwenzio kiti cha mbele kushoto. Ukiuza kabla ya kutengenezwa, mwonyeshe mnunuzi ule ukurasa, muandike kwenye hati ya mauziano namba ya wito na kwamba kazi haijafanyika, muweke saini wote wawili. Mimi ningesubiri. Vitz ikishabadilishiwa kopo na ikawa na hati ya wakala ni gari jema tu, na bei yake itasimama vizuri kuliko ya jirani asiye na karatasi. Jumapili hii, kabla ya safari ya Muheza, fungua boneti usome kibati, kazi yote inaanzia pale. Ukikwama kusoma matokeo, nitumie picha ya ukurasa huku umeficha tarakimu 3 za mwisho, nitakueleza umeandikwa nini.